Kipimo cha Moyo Kinapotoa Jibu Lisilo Sahihi

Mtu akifika hospitalini akilalamika kwamba kifua kinambana, mambo mawili hufanywa kwanza. Hulazwa kitandani na kubandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni ili umeme wa moyo wake uchorwe kwenye karatasi, kipimo ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la ECG. Kisha hutolewa damu kidogo mkononi, ipelekwe maabara kutafutwa troponini. Baada ya muda jibu hurudi likiwa nambari moja tu, na kutokana na nambari hiyo mtu anaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani, kulazwa wadini, au kupakiwa kwenye ambulensi usiku huo huo apelekwe hospitali ya rufaa.

Mara nyingi sana nambari hiyo husema kweli. Makala haya yanahusu zile mara chache ambapo haisemi kweli, ingawa mashine ni nzima, mtaalamu wa maabara amefuata kila hatua na kemikali za kupimia hazijaisha muda wake. Tumeona heri tuyaeleze kwa sababu chanzo kimojawapo cha makosa hayo siku hizi kinauzwa katika maduka ya vipodozi na mitandaoni, na wanaokitumia hawana habari kwamba kinaweza kuingilia kipimo cha moyo.

Mashine huona nini?

Troponini ni protini iliyo ndani ya misuli ya moyo. Kazi yake ni kusaidia misuli hiyo kukaza na kulegea kila moyo unapopiga. Kwa mtu mwenye afya, ni kiasi kidogo mno cha troponini kinachopatikana kwenye damu. Misuli ya moyo ikiumia, kwa mfano mshipa unaopeleka damu kwenye moyo ukizibwa na damu iliyoganda, seli za misuli hufa na troponini iliyomo humwagika. Huanza kupanda ndani ya saa chache na inaweza kubaki juu kwa wiki moja au zaidi.

Kiasi kinachotafutwa ni kidogo ajabu. Aina moja ya kipimo cha troponini T inayotumika sana duniani ina kikomo cha nanogramu 14 kwa lita, na nanogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara bilioni moja. Hakuna jicho wala darubini inayoweza kuhesabu kitu kidogo hivyo ndani ya damu, kwa hivyo mashine hutumia mbinu nyingine.

Mbinu yenyewe ni kingamwili. Hizi ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kunasa vitu vigeni kama vile vijidudu vya magonjwa. Watengenezaji wa vipimo nao huandaa kingamwili zinazonasa troponini pekee, nyingi zikitoka kwenye seli za panya. Katika mashine, kingamwili ya kwanza hunasa troponini upande mmoja na kuishikilia kwenye chembe ndogo za sumaku. Kingamwili ya pili huinasa upande wa pili, nayo imebeba alama inayotoa mwanga. Troponini inabaki katikati, kama nyama kati ya vipande viwili vya mkate. Mashine huosha kila kisichoshikwa, halafu hupima mwanga uliobaki. Mwanga ukiwa mwingi, jibu huwa troponini ni nyingi. Ukiwa kidogo, jibu huwa troponini ni kidogo.

Kwa hivyo, kusema kweli, mashine haioni troponini. Inaona mwanga. Chochote kinacholeta mwanga pasipo troponini, au kinachozuia mwanga ilhali troponini ipo, kitaipotosha.

Kuna jambo ambalo wananchi wengi, na hata baadhi yetu tulio katika huduma ya afya, hatulifikirii. Kila siku maabara hupima sampuli maalum zenye kiwango kinachojulikana ili kuhakikisha mashine inafanya kazi sawasawa. Mashine inaweza kufaulu majaribio hayo yote asubuhi, na bado mchana ikatoa jibu lisilo sahihi kwa mgonjwa mmoja. Hiyo ni kwa sababu tatizo haliko kwenye mashine. Liko ndani ya damu ya mtu huyo mmoja, na sampuli za majaribio hazina kitu hicho. Wanaoweza kuligundua ni daktari anayeona kwamba nambari hailingani na mgonjwa aliye mbele yake, na mgonjwa mwenyewe kwa yale anayoyaeleza.

Kidonge cha nywele na kucha

Biotini ni vitamini, wakati mwingine huitwa vitamini B7. Tunaipata kwenye mayai, maini, njugu na vyakula vingine vya kawaida, na kiasi hicho cha kwenye chakula hakina shida yoyote kwa vipimo. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku. Lakini vidonge vinavyouzwa vya kuotesha nywele, kuimarisha kucha na kung'arisha ngozi mara nyingi huwa na mikrogramu 5,000 au 10,000 kwa kidonge kimoja. Hiyo ya 10,000 ni zaidi ya mara 300 ya mahitaji ya siku.

Mwili hauumizwi na kiasi hicho, na biotini inayozidi hutoka kwa mkojo. Tatizo ni kwamba baadhi ya watengenezaji wa mashine za maabara hutumia biotini hiyo hiyo kama gundi. Kingamwili ya kwanza, ile inayonasa troponini, hufungwa biotini mgongoni. Chembe za sumaku nazo hupakwa protini inayoitwa streptavidini, ambayo ikigusana na biotini hushikamana kwa nguvu sana. Hivyo ndivyo kingamwili inavyotia nanga.

Fikiria matatu iliyo stejini ikingoja kikundi cha abiria waliokata tiketi. Kabla hawajafika, watu wengine wasio na tiketi wanaingia na kukalia viti vyote. Wenye tiketi wakija wanakuta hakuna nafasi, wanabaki stejini. Anayehesabu tiketi ndani ya gari atasema abiria ni wachache, ilhali wamejaa pale nje. Biotini ya kidonge ndiyo wale walioingia bila tiketi. Imekalia viti vyote vya streptavidini, na kingamwili iliyobeba troponini inakosa pa kukaa na kuoshwa. Mwanga unakuwa hafifu. Mashine inaandika troponini iko chini, na huenda moyo wa mtu unaumia wakati huo huo.

Jambo hili si la kubahatisha. Mnamo Novemba 2017, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa umma na kwa hospitali kuhusu biotini. Ilieleza kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa akitumia biotini nyingi alifariki baada ya kipimo cha troponini kinachojulikana kuathiriwa na biotini kutoa jibu la chini lisilo sahihi. Novemba 2019 tahadhari hiyo ilirudiwa, kwa kuwa baadhi ya vipimo vya troponini vilikuwa bado havijarekebishwa. Tangu hapo watengenezaji kadhaa wamebadilisha vipimo vyao vistahimili biotini nyingi zaidi, na wengine tangu zamani hawakutumia gundi hiyo kabisa. Mgonjwa lakini hawezi kujua hospitali aliyofika usiku ina kipimo cha aina gani.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka hamsini na tano anayeuza nguo sokoni. Nywele zimekuwa zikimtoka, na bintiye amemtumia vidonge kutoka Nairobi. Anameza kimoja kila jioni baada ya chakula. Usiku mmoja anaamka kifua kikimlemea, jasho linamtoka, na jirani anamwambia ni gesi. Anafika hospitalini. Karatasi ya ECG haionyeshi jambo la wazi, na hilo hutokea hata kwa watu wenye mshtuko wa moyo wa kweli. Kijana wa zamu anamwuliza, "Mama, kuna dawa zozote unazotumia?" Anajibu, "Ni ya presha tu, daktari."

Amejibu kweli kama anavyofahamu yeye. Kwake kidonge cha nywele si dawa, ni urembo. Iwapo maabara inatumia kipimo kinachoathirika, anaweza kuandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani na moyo unaokufa polepole. Swali moja zaidi lingebadilisha mambo: "Na vitamini je, mama? Vidonge vya nywele au ngozi? Dawa za kienyeji?" Tunawaomba wahudumu wetu waulize hivyo. Na tunawaomba wakazi wasingoje kuulizwa.

Watu hutaka kujua ni muda gani wa kuacha kidonge kabla ya kupimwa. Kwa kipimo kilichopangwa mapema, mtu anayemeza miligramu 5 hadi 10 kwa siku na mwenye figo nzima kwa kawaida hushauriwa apitishe angalau saa 8 kabla ya kutolewa damu. Wanaotumia dozi kubwa zaidi ya hiyo, ambazo wakati mwingine hutolewa kwa magonjwa maalum ya neva, na wale ambao figo zao ni dhaifu, huhitaji siku kadhaa, na hapo ni lazima kushauriana na daktari. Lakini kifua kikiuma hakuna kungoja saa 8. Nenda hospitalini mara moja na useme umemeza nini na saa ngapi. Daktari na maabara watajua la kufanya: kutumia mashine isiyotegemea biotini, au kutoliamini jibu la chini peke yake na kuendelea kukuangalia kwa njia nyingine.

Kwa kuwa tumeshalitaja, biotini haisumbui kipimo cha moyo pekee. Katika vipimo vya homoni za tezi ya shingo inaweza kusukuma baadhi ya majibu juu na mengine chini, hadi mtu mzima kabisa akaonekana ana ugonjwa wa tezi.

Dalali asiye na mzigo

Kosa la aina ya pili ni la upande mwingine, yaani troponini inaonekana juu wakati moyo hauna tatizo.

Baadhi ya watu wana kingamwili ndani ya damu yao ambazo hushika kingamwili za wanyama. Kumbuka kwamba kipimo chenyewe kimetengenezwa kwa kingamwili za panya na wanyama wengine. Kingamwili ya mtu wa namna hii inaingia kwenye mashine, inashika ile ya kwanza kwa mkono mmoja na ile ya pili kwa mkono mwingine, na kuziunganisha bila troponini yoyote kuwa katikati. Ni kama dalali anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi, karatasi zikatiwa sahihi, na ng'ombe mwenyewe hayupo. Mwanga unawaka na mashine inaandika troponini iko juu.

Mtu hupataje kingamwili hizo? Wakati mwingine haijulikani. Kuishi karibu na wanyama ni njia mojawapo. Kuwahi kutibiwa kwa dawa zinazotokana na kingamwili za wanyama ni njia nyingine, na hapa kwetu inafaa kukumbuka dawa ya sumu ya nyoka, ambayo nyingi hutengenezwa kwa kutumia damu ya farasi. (Hakuna sababu hata kidogo ya kuikataa dawa hiyo ukiumwa na nyoka. Sumu ndiyo inayoua.) Vilevile watu wenye baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo huwa na protini kwenye damu ambayo nayo inaweza kuziunganisha kingamwili za kipimo kwa namna hiyo hiyo. Watengenezaji huongeza vizuizi kwenye kemikali zao kwa ajili hii, na ndiyo maana kosa lenyewe ni nadra, ila vizuizi havitoshi kwa kila mtu.

Mfano wa pili, nao pia ni wa kueleza jambo tu: mzee mfugaji, magoti na vidole vimemvimba miaka mingi, anakuja kwa sababu ya kikohozi. Anapimwa damu kwa ujumla na troponini inatoka juu sana. Familia inapigiwa simu. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, michango inaanza kuingia kwa M-Pesa, mbuzi wawili wanauzwa ili apelekwe mbali kwa wataalamu wa moyo. Wakati huo anadungwa dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo kwa mtu asiyezihitaji zinaweza kumsababishia kutokwa na damu tumboni au kichwani. Mzee mwenyewe amekaa kitandani anaomba chai na anasema kifua hakimuumi. ECG yake ni ya kawaida. Troponini inarudiwa baada ya saa tatu, kisha kesho yake, na nambari ni ile ile, haipandi wala haishuki.

Nambari isiyosogea ndiyo inayopaswa kumfanya daktari asimame na kufikiri. Mshtuko wa moyo una safari yake: troponini hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kimataifa wa kutambua mshtuko wa moyo, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2018, unataka nambari ionekane ikipanda au ikishuka, na pamoja na hayo pawe na dalili kwa mgonjwa, au mabadiliko kwenye ECG, au ushahidi kwenye picha za moyo. Nambari moja iliyo juu, peke yake, haitoshi.

Pana hali nyingine inayofanana na hii. Kwa watu wengine troponini ni ya kweli, ila imefungwa na kingamwili za mwili wenyewe ikawa donge kubwa ambalo damu huchelewa kulisafisha. Nambari hubaki juu wiki nenda wiki rudi. Na kingamwili za namna hiyo zikiifunika troponini mahali ambapo kipimo hushika, mambo yanageuka na jibu linakuwa chini kuliko ukweli.

Nje ya kipimo cha moyo, madhara ya kosa hili yalionekana wazi katika kipimo cha homoni ya ujauzito. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha ripoti ya wanawake 12 ambao damu yao ilionyesha homoni hiyo pasipo mimba. Ilidhaniwa wana saratani, na wengi wao walipewa matibabu, zikiwemo dawa kali za saratani na upasuaji, kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao. Kilichofichua ukweli kilikuwa kitu rahisi sana: kipimo cha mkojo. Kingamwili zinazopotosha ni kubwa mno kupita kwenye figo, kwa hivyo mkojo wao ulionyesha hakuna homoni yoyote.

Sampuli yenyewe

Yapo pia matatizo yanayotokea kati ya mkono wa mgonjwa na mashine. Damu ikivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au chupa ikitikiswa sana njiani, chembe nyekundu hupasuka na maji ya damu huwa mekundu. Katika vipimo vingine hilo hushusha troponini, katika vingine huipandisha. Damu isipoachwa igande vizuri kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, nyuzi ndogo za kuganda hubaki ndani na zinaweza kuipa nambari ya juu ya uongo. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda ndio hasa damu yao huchelewa kuganda. Basi ukiambiwa damu yako inahitaji kutolewa tena, elewa kwamba maabara imekataa kukupa jibu isiloliamini.

Lakini usiseme ni kosa la mashine

Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo, kwa maana makala kama haya yanaweza kuleta madhara yakisomwa nusu. Troponini ikiwa juu, uwezekano mkubwa ni kwamba iko juu kweli. Na ikiwa juu kweli bila mshtuko wa moyo, bado kuna jambo linaloumiza moyo: figo zilizochoka, moyo ulioshindwa kusukuma damu, presha iliyopanda kupita kiasi, maambukizi makali yaliyoenea mwilini, damu iliyoganda kwenye mapafu, au uvimbe wa misuli ya moyo baada ya homa ya virusi. Mtu mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu anaweza kuwa na nambari ya juu isiyosogea, kama yule mzee wetu, na nambari yake ikawa ya kweli. Kutofautisha haya ni kazi ya daktari. Usitoroke wadini kwa sababu umesoma jarida.

Vivyo hivyo, jibu la chini la mapema halimaanishi umepona. Ukifika hospitalini saa moja baada ya maumivu kuanza, huenda troponini haijapanda kiasi cha kuonekana, hata kama kipimo hakina kasoro yoyote. Ndiyo maana damu hutolewa mara ya pili, baada ya saa moja hadi tatu kwa vipimo vya kisasa vyenye uwezo mkubwa wa kunasa, au saa sita kwa vile vya zamani. Kama hospitali inatumia kile kipimo kidogo cha haraka kinachofanana na cha malaria, subira inahitajika zaidi, kwani vingi vya aina hiyo haviwezi kunasa viwango vidogo. Tunajua kukaa kwenye benchi saa sita usiku si raha, hasa ukiwa umeacha watoto nyumbani. Kaa.

Na usilinganishe nambari za hospitali mbili. Troponini I na troponini T ni protini mbili tofauti, na kila kampuni ina kikomo chake. Ukiwa na 20 hapa na 8 kule, si lazima umepata nafuu. Kila karatasi ya majibu huonyesha kikomo cha kawaida cha kipimo hicho kando ya nambari yako, na hicho ndicho cha kutazama.

Maabara hugunduaje?

Daktari akishuku jibu, hupiga simu maabara. Hilo ndilo jambo la kwanza, na haligharimu kitu. Mtaalamu hutazama sampuli kama ina wekundu au nyuzi, huizungusha tena na kuipima upya. Kisha anaweza kuipunguza makali, yaani kuichanganya na kimiminika maalum kwa kiwango cha nusu kwa nusu, halafu nusu ya hiyo tena. Troponini ya kweli kwa kawaida hufuata hesabu: 80 inakuwa 40, kisha 20. Ya uongo mara nyingi haifuati. 80 inaweza kuwa 15 ghafla, au ikakataa kushuka. Njia nyingine ni kuiweka sampuli kwenye vizuizi vya ziada vya kingamwili kabla ya kupima, au kuipeleka maabara yenye mashine ya kampuni nyingine. Nambari ikiwa juu sana kwa mashine moja na ya kawaida kabisa kwa nyingine, jibu linakaribia kupatikana. Si kila maabara ina vifaa vyote hivi, ila kuipunguza sampuli makali na kuisafirisha ni mambo yanayowezekana katika maabara nyingi.

Unachoweza kufanya wewe

Ukienda hospitalini, beba kila unachomeza, hata kama hukukipata kwa daktari. Beba chupa yenyewe au ipige picha kwa simu, maana jina la biotini limeandikwa pale na watu wengi hulisahau. Sema kama una baridi yabisi, kama umewahi kudungwa dawa ya sumu ya nyoka, kama una ugonjwa wa figo, na kama umewahi kupata kipimo chochote cha damu kilichowashangaza madaktari. Ukimpeleka mzazi asiyeweza kujieleza, yaseme kwa niaba yake.

Ukiona jibu halilingani na hali yako, una haki ya kuuliza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu akueleze hali yako ya afya na njia za matibabu zilizopo. Maswali matatu yanatosha na hayamkosei mtu heshima: "Daktari, kipimo hiki kitarudiwa? Nambari imepanda au imeshuka? Inalingana na ECG?" Na kama umefika na dharura, Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kifua kinachobana kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yanayoelekea mkononi, shingoni au kwenye taya, jasho baridi, kukosa pumzi au kichefuchefu ni dalili za kukufikisha hospitalini haraka. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza wasihisi maumivu makali, bali uchovu wa ghafla na pumzi fupi. Kama uliruhusiwa kwenda nyumbani kwa kuwa kipimo kilikuwa sawa na dalili zikarudi, rudi hata kama ni usiku ule ule. Hakuna atakayekucheka.

Na kwa wale wachache watakaothibitishwa kwamba damu yao ina kingamwili zinazopotosha vipimo: omba iandikwe kwenye faili yako, na upewe barua fupi inayotaja jina la kipimo na aina ya mashine iliyokosea. Kingamwili hizo zinaweza kukaa mwilini miezi au miaka, na zinaweza kuvuruga vipimo vya tezi, ujauzito au tezi dume siku nyingine, katika hospitali nyingine, mbele ya daktari asiyekujua. Iweke barua hiyo pamoja na kadi yako ya kliniki, na mwonyeshe mtu mmoja nyumbani ilipo.